Nani Alipanda Muko?

Bukavu, tarehe 14 Agosti 2025

Mudogo wangu Théogène,

Nakusalimu wewe na Mukabalisa, muke wako. Sisi huku tunaamka, tunakula, tunalala. Élodie amemaliza sekondari na sasa anataka kusomea udaktari wa wanyama. Namuuliza ng'ombe watamulipa nini, yeye anacheka tu. Ni binti yule yule unamujua, hasikilizi mutu. Bado tunaketi kwa familia ya marehemu bwana yangu Munguakonkwa, chumba changu ni kile cha karibu na mulango munene.

Nakuandikia kwa karatasi juu nyumba hii imejaa watu, na kila nikishika simu mutu anakumbuka kazi ya kufanya chini ya dirisha yangu. Barua inapita kwa mama wa sambaza, yule muuza samaki wadogo anayepanda bato la Goma kila juma. Jibu lipitie kwake.

Sasa nije kwa neno lenyewe. Mutu mumoja alinionyesha foto ndani ya simu yake. Usiniulize ni nani. Ni foto ya parsele ya Mugunga, kiwanja kile mimi na marehemu tulinunua, ile tulikupa uketi ndani ulipokimbia Rugari na vita mugongoni. Nilitambua nyumba ya mbao, nilitambua ukuta wa jirani yako muzee Munyakazi. Lakini nyuma ya nyumba niliona miti imesimama mustari mumoja, haina hata jani, maua mekundu matupu mupaka juu. Ni muko. Naujua muti huo. Miiba yake ilinipasulia gauni ya komunyo tukiwa watoto.

Miti ile haikuota jana. Tangu umefika unaniandikia juu ya mvua, bei ya unga, bega la muke wako. Neno muti sijaliona hata siku moja. Wewe ni mutoto wa mulimaji, unajua vizuri: mutu aliyepewa pa kuketi anapanda maharagi, anapanda viazi, vitu vya kuvuna na kuacha. Muti unapandwa na mwenye udongo. Kesho wakiuliza parsele ni ya nani, watamutafuta aliyepanda.

Niambie miti ile ni ya nani, na kwa nini ulinyamaza.

Dada yako,
Domitille


Mugunga, Goma, tarehe 6 Septemba 2025

Yaya Domitille,

Barua yako tuliipokea tukiwa wazima. Mukabalisa anakusalimu sana; bega lake linamusumbua asubuhi, jua likipanda anapona. Mimi bado naponda mawe kando ya njia ya Sake. Mupe Élodie pongezi zangu. Muambie mujomba wake anazo mbuzi mbili za kujifunzia.

Juu ya miti, nitakuambia jinsi ilikuwa, hata kama utacheka. Sikuipanda.

Tulipofika hapa parsele ilikuwa mawe meusi ya volkano, hakuna nyumba, unakumbuka. Tulipewa shitingi, turubai lile la wakimbizi. Shitingi inataka nguzo. Nilienda kwa mutu mumoja wa upande wa Sake aliyekuwa anakata muko wake, akaniachia matawi manene. Niliyachomeka kati ya mawe, nikajaza udongo kidogo yasianguke, nikafunga shitingi juu. Mvua ilipokuja, nguzo zikaanza kutoa majani. Mukabalisa aliamka akaona jani ndani ya nyumba, juu ya kichwa chake, akaniita. Tulicheka siku hiyo, na tulikuwa hatujacheka tangu Rugari.

Nyumba ya mbao ilipokamilika tulitoa shitingi, na nguzo tuliziacha. Ningezing'oa namna gani? Zilikuwa zimeshika. Mwaka huu zimetoa maua kwa wingi. Asubuhi tundege twa mudomo mwembamba uliopinda tunakuja, tunaingiza mudomo ndani ya ua, tunapigana juu ya tawi moja na matawi mengine yako bure. Huku kwenye mawe hakuna kitu kingine cha rangi. Watu wanasimama njiani kutazama.

Sikuandika juu niliona si habari. Ni nguzo.

Na mimi nina swali langu. Huyo aliyepiga foto aliingia lini? Kutoka njiani huwezi kuona ukuta wa Munyakazi. Mutu huyo alisimama ndani ya parsele, na hakubisha hodi.

Mudogo wako,
Théogène


Bukavu, tarehe 27 Septemba 2025

Théogène,

Salamu kwenu. Mvua imerudi huku. Élodie ameanza kutafuta chuo, na familia ya bwana inasema mutoto mwanamuke asipelekwe mbali. Ninawasikiliza tu.

Nimesoma barua yako mara mbili. Nguzo! Nguzo za shitingi zinasimama pembe nne, mudogo wangu. Za foto zimesimama mustari, tena kwenye mupaka kabisa, kama askari. Shitingi gani ina nguzo za namna hiyo?

Tena kuna mambo hukusema. Nimeambiwa ulionekana ukibeba mifuko ya udongo mweusi mugongoni, ukimwaga chini ya miti. Mutu anabebea nguzo udongo? Nimeambiwa pia kwamba watu wamekuja kuomba maganda ya muti kwa dawa, na wengine wanaogopa kupita nyuma ya nyumba yako. Wanaogopa nini? Unajua wazee wetu wa zamani walikwenda chini ya muko kuita mizimu, kabla ya mapadri kufika. Sisemi umerudi kwa mambo hayo. Nauliza tu kuna nini nyuma ya nyumba.

Shemeji Cubaka, mudogo wa marehemu, alipita Goma kwa kazi zake na hajui kudanganya juu ya vitu vidogo. Anasema kwa watu wetu wa Rugari mutu anachukua udongo polepole, kwa muti kwanza, halafu kwa ukuta. Nilimukatalia. Nilimuambia mudogo wangu hana moyo huo. Lakini alipoondoka nilibaki kwenye kiti, nikajiuliza kama nilikuwa ninakutetea wewe au yule mutoto niliyemubeba mugongoni zamani.

Kata miti hiyo. Kama ni nguzo tu, haitakuuma. Uandike upesi kwamba umeikata.

Domitille


Mugunga, tarehe 25 Oktoba 2025

Yaya yangu,

Tuko wazima, na tunakutakia uzima na Élodie.

Barua yako ilinifikia imechelewa sana na gundi yake imebanduka. Mama wa sambaza anaapa hakuigusa. Anasema huko Bukavu si wewe unayemupa barua kwa mukono. Unaituma mupaka bandarini na mutu wa nyumbani. Ni mutu gani huyo, Yaya?

Sawa. Niseme yale sikusema.

Nguzo nne nilizihamisha, hata kama nilikuandikia kwamba nisingeweza kuzing'oa. Zilikuwa katikati ya parsele, na nilifikiri siku moja utataka kujenga pale, muti usikuzuie. Ndiyo maana nilizisogeza nyuma kabisa, nikaongeza matawi mengine kufunga upepo wa vumbi. Kama ningekuwa mwizi ningeziacha katikati. Udongo nilibeba, ni kweli, juu mizizi ilikuwa inafika kwenye jiwe na majani yanageuka manjano. Sikuweza kutazama tu.

Maganda walikuja kuomba, nikawakatalia. Ukichuna muti kuzunguka, unakufa.

Na wanaogopa nyuki.

Unajua kule Rugari nilikuwa mutu wa nyuki. Mizinga yangu yote iliungua. Hapa Mugunga nilikaa nikifikiri sitasikia tena nyuki, wangekula nini katika mawe haya? Halafu muko ulipotoa maua ya kwanza, kundi likaja lenyewe, likaning'inia kwenye tawi kama ndevu. Nilisuka muzinga wa fito, nikaupaka mavi ya ng'ombe, nikaufunga juu. Wakaingia. Sikukuandikia juu nilijua utasema niwafukuze: nyuki katikati ya watu, na Munyakazi tayari amenishitaki kwamba walimuuma. Anasema siku moja atamwaga mafuta na kiberiti. Nilinyamaza juu ya miti ili ninyamaze juu ya nyuki. Ni hiyo tu.

Nakutumia chupa ya asali. Onja, halafu uniambie kama nikate.

Sasa jambo lingine. Cubaka hakupita tu. Alikuja na kijana aliyeshika kamba ya kupimia, wakapima mbele na nyuma. Nilimuuliza anapima nini. Alisema, "Dada yako ananituma." Je, ulimutuma?

Théogène


Bukavu, tarehe 8 Novemba 2025

Théogène,

Chupa ya asali imefika. Barua haikuwemo.

Nilingoja neno moja, kwamba umekata, au kwamba unakataa. Unanitumia kitu kitamu ninyamaze, kama mutoto anayelia. Asali ya miti ile ile, nimeambiwa! Niliiweka juu ya kabati na sijaifungua.

Mudogo wangu, mimi ni mujane katika nyumba ya watu. Kila asubuhi wananikumbusha bila kufungua mudomo. Nilichobaki nacho kwa ajili ya Élodie ni parsele ile ya Mugunga. Siwezi kungoja mupaka siku nitaambiwa nayo ina mwenyewe mwingine.

Nimemupa Cubaka karatasi yenye sahihi yangu aende kukata miti. Ni miti tu. Wewe na Mukabalisa mutaendelea kuketi. Usipigane naye.

Élodie anakusalimu. Amenikasirikia, hataki kula na mimi.

Domitille


Mugunga, tarehe 30 Novemba 2025

Kwa Yaya Domitille,

Barua hii haipiti kwa mama wa sambaza. Ameibeba padri mugeni aliyekuja kwa mazishi ya muzee mumoja wa parokia. Nimemuomba aiweke mukononi mwako mwenyewe, si kwa mutu mwingine.

Cubaka alifika siku ya Mungu, sisi tukitoka misa. Alikuja na wanaume wenye mapanga. Nilisoma karatasi, nikaona sahihi yako, nikasema sawa. Niliomba kitu kimoja, wangoje giza niteremushe muzinga, juu nyuki wakiwa wote ndani hawana hasira sana. Alisema, "Unataka kufanya mambo yako ya giza." Wakaanza.

Muti wenye muzinga waliuangusha wa kwanza. Siwezi kukueleza sauti ile. Wanaume walitupa mapanga wakakimbia upande wa ziwa. Mukabalisa alikuwa ameingia chini ya miti kutoa tutoto twa mbuzi tuliofungwa pale. Nyuki walimukuta na bega lake bovu, hakuweza kufunika kichwa. Nilimutupia blanketi nikamuvuta. Usoni hakuwa mutu tena, macho yalifungwa, pumzi ikaanza kupiga filimbi. Munyakazi ndiye aliyetoa pikipiki yake. Munyakazi yule anayetuchukia. Hospitali walimuchoma sindano, akabaki kule mupaka pumzi ikarudi. Anaishi. Anakusalimu, lakini ni mimi naandika salamu hizo, yeye hajasema.

Nilikupigia simu siku hiyo. Mwanaume akaipokea, akasema umelala. Jua lilikuwa utosini.

Tulipotoka hospitali tulikuta miti yote chini na mawe ya msingi yamepangwa kuzunguka parsele. Vitu vyetu vilikuwa njiani. Nilimuambia Cubaka karatasi inasema miti tu. Akacheka: "Karatasi ilikuwa ya kufungua mulango. Parsele ni ya kaka yangu, na kaka yangu hakuacha mutoto mwanaume."

Tunalala katika darasa la parokia. Nyuki walikaa juu ya matawi yaliyolala mupaka majani yakanyauka, halafu wakaondoka. Sijui wapi.

Katika barua ya Oktoba nilikuuliza kama ulimutuma Cubaka kupima. Hukunijibu, na tangu hapo sijapokea barua yako hata moja. Sikuulizi tena.

Théogène


Bukavu, tarehe 19 Desemba 2025

Mudogo wangu,

Padri alinipa barua yako mukononi. Nilimuomba akae mupaka nimalize kusoma, juu niliogopa kubaki peke yangu nayo.

Muambie Mukabalisa ninapiga magoti. Muambie hivyo hata kama hataki kusikia.

Barua ya Oktoba sijaiona. Chupa nililetewa na Cubaka; alisema mama wa sambaza alimupa hiyo tu. Barua zangu pia yeye ndiye alikuwa anazipeleka bandarini, nilimuona kama mutu wa msaada. Simu yangu alimutuma kijana wa nyumba hii kuiomba siku ile kwa dakika kidogo. Sasa ninapanga vitu hivi kimoja kimoja na kila kimoja kinanionyesha ujinga wangu. Foto pia ni yake. Sikumutuma kupima. Nilimutuma kukata, hilo nililifanya mimi.

Nilimufuata mbele ya wazee wa familia. Sikuketi. Nilisema, "Rudisha parsele ya mutoto wangu." Mumoja akajibu kwa upole sana, upole ule wa mutu aliyekwisha kugawa: "Mama Élodie, wewe ulikuwa unatuwekea tu." Élodie alikuwa amesimama mulangoni, alisikia yote.

Nataka kupanda bato leo, lakini nikitoka chumba hiki sitakikuta. Tayari wamebadilisha kufuli la jikoni. Kwa hiyo, ni wewe tu uko Goma.

Nenda kwa chefu wa avenyu, mukubwa wa mutaa wenu. Marehemu alikuwa hai wakati mulipoingia, yeye mwenyewe alitoa ruhusa, lakini alitoa kwa mudomo na amekufa. Karatasi za ununuzi zina jina lake, hazina langu. Cubaka atasema palikuwa patupu, kwamba nyinyi mulivamia juzi. Tafuta cha kuonyesha.

Na nitakuandikia neno hili wazi, juu siwezi kulificha: ninaogopa. Chefu akikuuliza parsele ni ya nani, utasema nini? Umeketi pale, umejenga, muke wako alikaribia kufa pale. Mimi nimekufanyia vile nilivyokufanyia. Mutu mwingine angesema "ni yangu" na watu wangemuelewa. Nilikukosea kwa kukushuku na sasa ninakushuku tena. Sijui kuacha.

Dada yako, kama bado unataka,
Domitille


Goma, tarehe 12 Februari 2026

Yaya,

Pole kwa kungoja. Chefu wa avenyu alituahirisha mara nyingi. Cubaka alikuwa anamutembelea, sisi tuliona. Élodie alinipigia kwa simu ya rafiki yake kuuliza habari, nikamuambia angoje mupaka niwe na habari yenyewe.

Siku ilifika, watu wa avenyu walikuwa wengi. Cubaka alikuja na shati jeupe. Alisema kama ulivyotabiri: kaka yake aliacha parsele tupu, hakuna mutu aliyewahi kuketi, mimi na muke wangu tuliingia baada ya mazishi kama panya. Sauti yake ilikuwa nzuri, watu walianza kutikisa kichwa.

Chefu akasema twende kutazama kwa macho. Tukaenda wote. Cubaka alikuwa ameondoa matawi na kuchoma, lakini visiki vilibaki, juu mizizi imeingia kati ya mawe na mapanga hayakufika. Yaya, visiki vimechipuka! Kila kimoja kina machipukizi ya kufika kifuani, majani mapana. Chefu aliweka kiganja juu ya kisiki, kiganja hakikufunika.

"Hii si ya juzi," akasema.

"Muti wa muko unakua haraka," Cubaka akajibu.

Muzee Munyakazi akatoka katikati ya watu. Nilifikiri ndiyo mwisho wetu. Akasema, "Mimi huyu mutu simupendi, na nyuki zake sizipendi. Ziliniuma hapa shingoni. Lakini miti hii niliiona ikiwa nguzo za shitingi, na Munguakonkwa nilimuona na macho yangu akija kuwasalimu, akanywa chai pale kwenye jiwe. Na niseme lingine. Tangu mumefukuza nyuki, maboga yangu yanatoa maua, maua yanaanguka, hayazai. Muke wangu ananiuliza, namuambia muulize Cubaka."

Watu walicheka. Cubaka hakucheka. Aligeuka, akaninyoshea kidole. "Muone basi! Munashuhudia wenyewe kwamba huyu ndiye amepanda. Mwenye kupanda anadai. Hata dada yake alimuogopa, alinipa karatasi, hii hapa! Muulizeni parsele ni ya nani."

Akamupa chefu karatasi yako. Chefu akaisoma kwa sauti, mbele ya wote. Niliisikia kila neno.

Halafu akanitazama. "Théogène, sema wewe. Ni wewe ulipanda?"

Niache nikuambie kilichokuwa ndani yangu, ili usinisifu bure. Mukabalisa alikuwa amesimama kando yangu. Siku iliyotangulia aliniambia, akichambua mboga, bila kuniangalia: "Rugari hatuna tena. Darasa la parokia watatutoa shule ikianza kujaa. Chefu akikuuliza, sema ni yetu. Tumeilipia." Na pale mbele ya visiki nilihesabu maneno hayo, nikayaona ni ya kweli. Tungeweza kuipata, Yaya. Chefu alikuwa ananingoja kabisa, nusu ya watu walikuwa upande wangu. Na karatasi yako ilikuwa bado mukononi mwake.

Nilisema, "Ndiyo, nilipanda."

Chefu: "Kwa jina la nani?"

Nikasema, "Kwa jina la dada yangu Domitille na binti yake. Mwenyewe alikuwa mbali, nikamushikia mahali, na mbele nikaacha bila muti ili wajenge. Miti ni yao, nyuki ndio walikuwa wangu."

Cubaka aliita huo uongo. Chefu alimuambia aondoe mawe yake, na kama ana neno aende tribinali, mbele ya jaji. Hatujui kama ataenda. Tumerudi ndani ya nyumba. Mulango mumoja ulikosekana, nimeziba na shitingi.

Mukabalisa hanisemeshi. Anapika, ananipa sahani, anatoka kukaa nje. Sijui kama nilifanya vizuri. Nilitaka ujue nilikuwa na njia mbili, na nyingine sikuiona kuwa dhambi.

Théogène


Bukavu, tarehe 3 Machi 2026

Théogène, na wewe pia Mukabalisa,

Barua hii muisome mukiwa wawili, kama hataki kukaa karibu nawe umusomee kutoka mulangoni.

Élodie alinisomea ile ya Februari kwa sauti. Alipofika pale chefu anauliza "kwa jina la nani", nilimuambia asimame kidogo. Niliogopa mustari unaofuata. Naona aibu kukuambia hivyo, lakini ndivyo ilikuwa.

Septemba uliniandikia kwamba hukupanda. Kwa chefu ulisema ulipanda. Moja kati ya hayo mawili haikuwa kweli, na sitaki kujua ni ipi.

Sasa sikilizeni. Chumba cha Bukavu nimekiacha. Sikufukuzwa, nimetoka mwenyewe, muchana, vitu vyangu juu ya kichwa na jirani wote wakitazama. Kabla ya kutoka tulikwenda kwa mutu wa sheria, mimi na Élodie, na yeye ndiye murithi wa baba yake hata wakikasirika. Tumeandika karatasi. Parsele inakatwa vipande viwili. Mbele, pale hukuacha muti ili tujenge, ni ya Élodie. Nyuma, na nyumba ya mbao, na visiki vyote, inatoka kwetu moja kwa moja. Élodie alitia sahihi kabla yangu. Aliandika jina lake kwa nguvu mupaka karatasi ikatoboka.

Lakini jina lililo juu ya sehemu ya nyuma si lako, mudogo wangu. Ni la Mukabalisa. Usikasirike. Umefanya kitu ambacho mimi nisingeweza, na bado sitaandika jina lako. Wewe unaponda mawe, uko na miaka mingi, una watoto wa baba mudogo kule Rugari ambao hawajakukumbuka tangu vita. Siku ukiondoka duniani watakukumbuka haraka. Watakuja na shati jeupe, watamuambia kwa upole, "Mama, ulikuwa unatuwekea tu." Nataka wamukute na karatasi.

Siiweki karatasi kwa padri wala kwa mama wa sambaza. Iko ndani ya nguo, kwenye mwili wangu. Tunashuka bandari ya Kituku Jumamosi na bato la asubuhi. Théogène, utatungoja ufukweni na mukokoteni, juu kuna magodoro.

Mukabalisa, wewe usije bandarini, pumzika. Lakini tafuta kitambulisho chako, na ujizoeze sahihi. Mutu wa sheria anataka iwe ya mukono wako mwenyewe.

Domitille